Ndege Hana Ofisi Mjini

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa, kama mtu aliyerusha soksi iliyolowa kwenye dirisha. Nilipotoka nje nilikuta kioo kimebaki na picha ya njiwa: mabawa mawili yamekunjuliwa, kifua, shingo iliyogeuka kidogo upande, vyote vimechorwa kwa unga mweupe. Njiwa ana manyoya ya namna ya pekee yanayosagika yenyewe kuwa vumbi laini, na vumbi hilo husaidia kuyakinga manyoya mengine yasilowe. Akigonga kioo kwa kasi, vumbi hubaki pale kama muhuri. Mwenye muhuri alikuwa chini, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Nilimweka ndani ya boksi la viatu lenye matundu, mahali penye giza na kimya, bila maji wala chakula. Ndivyo wanavyoshauri wanaohudumia ndege waliojeruhiwa, kwa kuwa aliyepata mtikisiko wa kichwa anaweza kupaliwa. Baada ya saa moja na nusu nilifungua boksi nje, naye akaruka hadi juu ya paa. Furaha yangu ilidumu mpaka niliposoma kwamba wengi wa ndege wanaoruka hivyo hufa baadaye, huko wasikoonekana, kwa majeraha ya ndani.

Swali lililonibaki lilikuwa la kiofisi kuliko la huruma. Mjini, ndege yule anamhusu nani? Idara ya wanyamapori iko mbali na hifadhi zake. Idara ya mazingira imezama kwenye takataka na moshi. Lakini kile kioo kuna mtu alikiidhinisha. Ofisa wa vibali vya ujenzi alitazama michoro, akakagua nguzo, mlango wa dharura na bomba la maji taka, akagonga muhuri. Yeye ndiye aliyetoa uamuzi kuhusu njiwa wangu, bila kujua kwamba anautoa. Na ukifuatilia maisha ya ndege yeyote wa mjini utakuta amepita kwenye meza nyingi za namna hiyo: ya mhandisi wa taa za barabarani, ya msimamizi wa kupogoa miti, ya mkandarasi wa kuua panya, ya watu wa maji taka. Kila meza inaamua jambo dogo juu yake, na hakuna hata moja yenye kibao kilichoandikwa "ndege".

Ndiyo maana mji ukitaka kuonekana unajali ndege, mara nyingi huishia kutundika vibanda vya mbao bustanini na kupanda miche siku ya sherehe. Si vibaya. Ila huwezi kumwita mgeni nyumbani huku umeacha mtego mlangoni.

Kabla ya mitego, tukubaliane tunamzungumzia ndege gani. Wako walioupenda mji wakaufanya kwao, kama njiwa wa mtaani na kunguru. Wako wenyeji wa ardhi ile tangu kabla ya mji, ambao wamebanwa kwenye vipande vya miti na maji vilivyosalia. Na wako wapita njia, wahamaji wanaovuka anga ya mji usiku mara mbili kwa mwaka na kutua tu wakichoka au wakipotea. Anachonufaika nacho mmoja kinaweza kumwangamiza mwenzake. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kwa nia njema kabisa, asaidie kula takataka. Takataka alikula. Mayai na makinda ya ndege wengine pia akala, kisha akasambaa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu akikuambia mji wake una ndege wengi, muulize kwanza ni wepi.

Sasa kioo. Ndege hakioni kioo. Anaona kile ambacho kioo kinamwonyesha. Kikiakisi mti, anaona mti na kuufuata. Kikiwa angavu na nyuma yake kuna dirisha jingine upande wa pili wa jengo, anaona njia imenyooka hadi angani. Sisi wenyewe hatukioni. Tumejifunza tu kutambua fremu, kitasa na madoa ya vidole, na bado kuna anayepasua paji la uso kwenye mlango wa benki. Ndege hana mafunzo hayo, na anakuja kwa kasi ya pikipiki.

Wengi wakisikia habari hizi huwaza minara mirefu ya katikati ya jiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba nchini Marekani pekee ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na kwamba minara ya ghorofa zaidi ya 11 inachangia chini ya asilimia 1 ya vifo hivyo. Mnara mmoja unaua wengi kuliko nyumba moja, naam, lakini minara ni michache na nyumba ni mamilioni. Karibu vifo vyote viko kwenye majengo ya kawaida: shule, ofisi za ghorofa nne, nyumba kama yangu. Ndege hutafuta chakula kwenye miti, na miti inaishia usawa wa ghorofa za chini.

Habari njema ni kwamba huu ni ugonjwa wenye dawa inayojulikana. Kioo kikiwekwa alama upande wa nje, zikatapakaa chote, nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5, ndege anakiona kuwa ukuta. Sentimita hizo hazikuokotwa tu. Ndege mdogo amezoea kupenya kati ya vijiti vya kichaka, na akiona upenyo mpana kuliko kiganja cha mkono wako anaamini unapitika. Hapo ndipo inaposhindwa ile stika moja ya kipanga mweusi ambayo watu hupenda kuibandika katikati ya dirisha. Ndege hamwogopi kipanga asiyetikisika. Anamkwepa kama anavyokwepa tawi, kisha anagonga kioo kando yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Chicago. Ukumbi wa mikutano uitwao McCormick Place umekaa ukingoni mwa ziwa, katika njia kuu ya wahamaji, na kuta zake ni vioo. Tangu mwaka 1978 David Willard, mtunza mikusanyo ya ndege katika jumba la makumbusho la Field Museum lililo jirani, alikuwa akipita kila asubuhi ya msimu wa kuhama kuokota waliokufa chini ya kuta hizo. Aliendelea miaka na miaka, na yeye na wenzake wakakusanya zaidi ya ndege 40,000, kila mmoja na tarehe yake. Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2023 waliokota karibu ndege 1,000 chini ya jengo hilo moja, kwa usiku mmoja. Kiangazi kilichofuata wenye ukumbi walibandika utando wenye vidoti vidogo kwenye vioo vyote, kwa gharama ya dola milioni 1.2. Msimu wa kuhama ulipofika, vifo vilishuka kwa takriban asilimia 95. Ukisimama ndani ziwa bado linaonekana. Baada ya dakika mbili jicho linavisahau vidoti.

Dola milioni 1.2 ni fedha nyingi, na ndiyo bei ya kurekebisha jengo ambalo tayari limesimama. Kioo chenye alama kikichaguliwa wakati jengo lingali kwenye karatasi, gharama huwa ndogo mno kulinganisha. Hapo ndipo mji una nguvu ambayo mpenda ndege hana. Toronto iliingiza kinga ya ndege kwenye masharti yake ya ujenzi mwaka 2010, San Francisco ikafuata mwaka 2011, na New York ikapitisha sheria inayotaka kwamba jengo jipya, kuanzia chini hadi urefu wa takriban mita 23, angalau asilimia 90 ya ukuta wa nje uwe wa vitu ambavyo ndege anaweza kuviona. Angalia huo urefu. Hakuna aliyedai mnara mzima uwekwe vidoti hadi kileleni; sheria imelenga pale palipo na miti na ndege. Sheria nzuri huwa na aibu ya namna hiyo, inaomba kinachohitajika basi.

Kioo kina mshirika wake, taa, na wawili hao hufanya kazi pamoja. Ndege wengi wadogo huhama usiku, anga likiwa tulivu na wawindaji wamelala, wakijiongoza kwa nyota na kwa usumaku wa dunia. Mwanga mkali unawavuta na kuwavuruga. Kila mwaka mwezi Septemba, New York huwasha miale miwili mikubwa ya bluu kuelekea angani kukumbuka waliouawa tarehe 11 Septemba 2001. Watafiti waliifuatilia kwa rada kwa usiku saba katika miaka saba, wakakadiria kwamba ndege milioni 1.1 walivurugwa njia na miale hiyo. Walizunguka ndani ya mwanga, wakilialia, wakishuka chini zaidi kila mzunguko. Taa zilipozimwa, walitawanyika ndani ya dakika chache na kuendelea na safari. Siku hizi wanaohesabu hukaa juu ya paa, na ndege wakizidi 1,000 ndani ya mwale, taa huzimwa kwa muda wa dakika 20 hivi. Kumbukumbu inabaki, na ndege wanapita.

Nimeueleza mfano huu kwa urefu kwa sababu unaondoa kisingizio kinachosikika sana, kwamba mji lazima uchague kati ya mwanga na ndege. Hauchagui. Msimu mkubwa wa kuhama ni wiki chache kwa mwaka, na ndani ya wiki hizo kuna usiku chache ambazo umati mkubwa unapita. Rada za hali ya hewa huwaona ndege kama zinavyoona mvua, na siku hizi hutolewa utabiri wa usiku upi utakuwa na msongamano. Rekodi za Willard zilipochambuliwa ilionekana kwamba nusu ya madirisha ya ukumbi ule ikiwa gizani, vifo vilipungua mara 6 msimu wa kuelekea kusini na mara 11 msimu wa kurudi kaskazini. Hapakununuliwa kitu. Mtu alibonyeza swichi, na umeme ukaokolewa juu yake. Taa za barabarani nazo hazihitaji kuzimwa; zinahitaji kifuniko kinachoelekeza mwanga chini, kwa mtembea kwa miguu anayeuhitaji.

Baada ya kuondoa mitego ndipo inafaa kuzungumzia makazi, na hapa kuna kosa ambalo hata miji yenye nia njema hulifanya. Kijani si chakula. Ndege wengi, hata wale tunaowajua kwa kula mbegu, hulisha makinda yao wadudu, na hasa viwavi. Jozi moja ya chikadii, ndege mdogo wa Amerika Kaskazini mwenye uzito wa gramu 10 tu, inahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kukuza makinda wa kiota kimoja. Viwavi hao hawali jani lolote linalowapitia. Wengi wamezoea miti ya kwao kwa maelfu ya miaka na hawawezi kuyeyusha majani ya mti uliotoka bara jingine. Utafiti uliofanyika kwenye bustani za nyumba za Washington, ukachapishwa mwaka 2018, uliona kwamba chikadii huweza kujaza pengo la wanaokufa pale tu ambapo angalau asilimia 70 ya mimea ni ya asili ya eneo lile. Chini ya hapo viota vipo, wimbo upo, lakini vifo vinazidi wanaokua. Mpita njia anasikia ndege asubuhi akadhani mambo ni mazuri.

Kwa hiyo barabara iliyopangwa mti wa kigeni usioguswa na mdudu, ule unaosifiwa na wauza miche kwa sababu majani yake hayatoboki, kwa ndege ni kama duka lenye rafu tupu. Jani lenye matundu ndilo jani linalolisha. Najua si rahisi kumshawishi mkuu wa bustani, kwa kuwa simu anazopigiwa ni za kulalamikia viwavi.

Kupogoa nako kuna kalenda yake, na mara nyingi kalenda hiyo hufuata mwaka wa fedha. Bajeti inakaribia kwisha, msumeno unaingia mtini, na kama ndio msimu wa viota, kazi ya miezi inaanguka na tawi. Kinachotakiwa ni kusogeza tarehe tu. Na mti uliokufa, kama hauko juu ya paa la mtu wala njiani, uachwe. Wengi wa ndege wanaotaga kwenye mashimo hawawezi kutoboa mti mbichi wenye afya. Jambo jingine ambalo mpanda miti hukutana nalo akiwa amechelewa: mti mzuri uliopandwa mita tano mbele ya ukuta wa kioo ni chambo. Mtu wa miti na mtu wa majengo wangekutana mara moja kabla ya kuchimba shimo, wangeliona hilo.

Kuna ndege wanaolala ndani ya majengo yetu. Kozi, mwindaji wa angani ambaye DDT, sumu ya kuua wadudu, ilikaribia kummaliza sehemu nyingi za Amerika na Ulaya, alirudi baada ya Marekani kuipiga marufuku mwaka 1972, na leo anatamia kwenye madaraja na minara kana kwamba ni majabali yake. Teleka ana hadithi ya kusikitisha zaidi. Huyu anafanana na mbayuwayu lakini ni wa jamii nyingine, na wale wa Ulaya wanaweza kukaa hewani miezi 10 bila kutua, wakila na kulala humohumo. Anapotua, anatua kutaga, na kwa karne nyingi ametaga kwenye nyufa za kuta na chini ya vigae. Kisha tukaanza kuziba nyufa ili nyumba zisipoteze joto, jambo jema kwa hali ya hewa, na yeye akakuta mlango umepigwa saruji. Mji wa Brighton nchini Uingereza ulijibu mwaka 2020 kwa kutaka majengo mapya yenye kimo cha kutosha yawekwe tofali maalumu lenye shimo ndani. Tofali moja, linajengewa ukutani mara moja, halina matunzo. Sijapata kuona sera ya mazingira iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Sasa paka, na hapa hata wapenda ndege huanza kunong'ona. Makadirio ya mwaka 2013 yalisema paka wa Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Walldorf, mji mdogo wa Ujerumani, uliamuru mwaka 2022 kwamba katika upande mmoja wa mji paka wafungiwe ndani tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa Agosti, kulinda ndege mmoja wa ardhini mwenye kishungi aliyebaki kwa jozi chache. Wenye paka walikasirika. Kwa maoni yangu, mji usiothubutu kuanza na amri uanze na kuhasi paka wa mitaani na kuziba mapipa yanayowalisha.

Mapipa hayo yanatupeleka kwa panya. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa amelegea, mzito, mchana kweupe, chakula rahisi kuliko vyote kwa bundi. Flaco, bundi mkubwa aliyetoroka banda lake katika Central Park huko New York mwezi Februari 2023 na kuishi huru mwaka mzima akipigwa picha na jiji zima, aligonga jengo na kufa Februari 2024. Uchunguzi ulikuta mwilini mwake aina nne za sumu ya panya, pamoja na virusi vya njiwa. Ndege mmoja, na meza kadhaa nilizozitaja zimo ndani ya taarifa moja ya kifo. Bundi ni mwuaji wa panya asiyedai mshahara, na mji ulikuwa ukimlipa sumu.

Kuhusu kulisha ndege nitasema kidogo, maana ndicho watu wanachokiuliza kwanza na ndicho kinachoamua kidogo zaidi. Kilishio kichafu huambukiza. Nchini Uingereza chiriku wa kijani walipukutika tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa ugonjwa wa koo unaosambaa penye mikusanyiko ya vilishio na maji. Anayelisha aoshe chombo, na kama hana muda wa kuosha, apande kichaka.

Maji nayo yanafanya kazi ambayo hakuna kibanda kinachoiweza. Karibu na Melbourne, mabwawa ya kusafishia maji taka ya Werribee ni ardhi oevu yenye ulinzi wa kimataifa wa mkataba wa Ramsar, na watu husafiri kutoka mbali na darubini zao kwenda kutazama bata na wahamaji kwenye maji yaliyotoka vyooni. London iliyageuza mabwawa ya zamani ya maji ya bomba kuwa kituo cha ardhi oevu kilichofunguliwa mwaka 2000. Wahandisi wa maji, bila kelele, wamehifadhi ndege wengi kuliko wengi wetu tunaowaandikia makala.

Dirisha langu nililishughulikia Jumamosi moja, kwa kalamu ya rangi nyeupe ya mafuta na rula, upande wa nje, juu ya ngazi. Doti, sentimita tano, doti. Mchana wote uliisha hapo, na jirani alipita mara mbili akiuliza kama nimeanza kuchora. Muhuri wa njiwa niliuacha kwanza kwenye kona yake, nikaja kuufuta mwishoni kwa kitambaa chenye maji. Rangi ilikwisha kabla ya kufika dirisha la jikoni. Hilo bado.